Sura ya Tano: Stoo Inapogeuka Chumba cha Watoto

Nyumba ya mkulima wa chai katika vilima vya Bureti, iwe ya mawe au ya mbao na mabati, aghalabu huwa na chumba kimoja ambacho hakitajwi mwenye nyumba anapoulizwa ana vyumba vingapi. Chumba hicho ni stoo: mahali pa magunia ya mahindi, mifuko ya mbolea, majembe na mapanga, vikapu vya kuchumia chai vilivyokatika mikanda, baiskeli isiyo na gurudumu, redio iliyonyamaza miaka mingi, madaftari ya watoto waliokwisha kumaliza shule, na vitu vingine ambavyo kila mtu nyumbani anakumbuka vilivyoingia lakini hakuna akumbukaye vilitumika lini mara ya mwisho. Kwa kuwa ardhi ya huko ni ya miteremko, baadhi ya nyumba zina stoo ya namna nyingine, yaani chumba kilicho chini ya sakafu ya nyumba yenyewe, ambacho hupatikana pale msingi unapoinuliwa upande wa bondeni ili sakafu ilingane na upande wa mlimani, na fundi, badala ya kuijaza nafasi hiyo mawe na udongo, akaiacha wazi na kuitilia mlango. Mijini chumba cha aina hiyo huitwa besimenti. Mashambani ni stoo tu, nayo hujazwa vitu vile vile.

Sura hii inaeleza jinsi stoo ya aina yoyote kati ya hizo mbili inavyoweza kugeuzwa chumba cha kuchezea watoto kwa fedha ambazo familia ya kawaida inazimudu. Hoja yake ni moja: chumba cha watoto hupatikana kwa kutoa kabla ya kununua, na sehemu ngumu ya kazi hiyo ni wazazi kuamua ni kitu gani kinachostahili kukaa chini ya paa lao. Familia inayoanza kwa kununua zulia, rangi na wanasesere kabla ya kuamua magunia yatahamia wapi hujikuta, baada ya msimu mmoja, ina stoo ile ile ikiwa imeongezewa zulia na wanasesere.

Mvua ya alasiri na haki ya kucheza

Litein, mji wa Bureti ulio kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Sotik, uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika ukanda unaopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ambao karibu kila mwezi wake una mvua. Sababu yake inaeleweka vizuri: mchana upepo wenye unyevu unaotoka Ziwa Viktoria hupanda kuelekea nyanda za juu, ukakutana na upepo utokao mashariki, hewa ikainuka, ikapoa, na mawingu yakamwaga maji alasiri, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe ambayo wakulima wa Kericho wanaifahamu kwa hasara inayoacha mashambani. Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyoyavuta makampuni ya Brooke Bond na James Finlay kupanda chai katika eneo la Kericho katika miaka ya 1920, na ndiyo iliyowawezesha wakulima wadogo, waliounganishwa chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya (KTDA) mwaka 1964, kuchuma majani mwaka mzima badala ya kungojea msimu mmoja wa mavuno.

Kwa mtoto, hata hivyo, kalenda hiyo ina maana nyingine. Saa anayorudi nyumbani kutoka chekechea au madarasa ya chini ndiyo saa ambayo wingu limeshafunga, na uwanja aliouacha mkavu asubuhi umekuwa tope. Ndani ya nyumba nako nafasi ni finyu: jikoni kuna moto na moshi, sebuleni kuna viti vilivyotandikwa vitambaa ambavyo hakuna atakaye vichafuliwe, na chumba cha kulala kimejaa vitanda. Kinachobaki ni kukaa kimya mbele ya televisheni au kupewa simu, na hayo yote mawili humtuliza mtoto bila kumpa nafasi ya kutumia mikono, miguu wala sauti yake.

Kucheza si anasa ambayo mzazi huitoa akipenda. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990, kinautambua mchezo kuwa haki ya kila mtoto. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001 iliiandika haki hiyo katika sheria za nchi, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pake, ikaihifadhi. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Mtaala wa umilisi nao, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya awali na ya chini, unamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda, kuunda na kushirikiana na wenzake, mambo ambayo hayawezi kukamilika shuleni peke yake ikiwa nyumbani hana hata pembe moja ya kutendea.

Marundo matano

Kazi ya kwanza ni kuitoa stoo yote nje, siku moja isiyo na mvua, hata kama vitu vingi vitarudi ndani jioni. Kupanga vitu vikiwa bado ndani hakufai, kwa kuwa jicho la mtu huzoea kitu mahali kilipo na kukiona kuwa na haki ya kukaa hapo; kikishatolewa uani na kuonekana katika mwanga wa jua, swali la kama kinahitajika hujibiwa upesi zaidi. Vitu hivyo vigawanywe katika marundo matano.

Rundo la kwanza ni la vitu vinavyotumika kila wiki au kila msimu, kama majembe, mapanga ya kupogolea chai, vikapu vizima na mashine ya kunyunyizia dawa. Hivi vinahitaji mahali pengine, na mara nyingi banda dogo la mabati lililoegemezwa kwenye ukuta wa zizi hutosha. Rundo la pili ni la vitu vya kuuza: vyuma chakavu, ambavyo wanunuzi hupima kwa kilo, chupa za glasi, mbao nzima, na fanicha zinazoweza kutengenezwa. Inashauriwa fedha za rundo hili zisiingizwe katika matumizi ya nyumbani bali ziwekwe kando, kwa kuwa ndizo zitakazonunua chokaa na misumari, na familia itaona kwa macho yake kwamba chumba kimejilipia sehemu ya gharama. Rundo la tatu ni la kugawa: nguo zilizowabana watoto, vitabu vya kiada ambavyo jirani bado anavihitaji, vyombo vya ziada. Rundo la nne ni la kutupa.

Rundo la tano ni la kumbukumbu, nalo ndilo linalochelewesha kazi. Kibuyu cha maziwa ya mursik cha bibi aliyekwisha kufariki, kigoda cha babu, au sanduku la mbao alilokwenda nalo mtu shule ya bweni si takataka, na kumlazimisha mzee avitupe ili watoto wapate nafasi ni kuwafundisha watoto hao somo baya. Njia iliyo bora ni kuvitoa vitu hivyo katika giza la stoo na kuvipa mahali pa heshima sebuleni, au kuweka kimoja kati yake ndani ya chumba kipya cha watoto, juu ya rafu ya juu, ili hadithi yake isimuliwe. Katika familia nyingi mzee hukataa kuachia kitu kwa sababu anaogopa kitasahauliwa, na akionyeshwa kuwa kitakumbukwa, upinzani wake hupungua.

Vitu vya hatari vinavyotoka kwanza

Kabla ya mtoto kukanyaga ndani ya chumba, kuna vitu ambavyo havina budi kuondoka kabisa, wala havifai kusogezwa tu hadi pembeni au kufunikwa kwa turubai. Stoo ya mkulima huwa na dawa za kuua magugu na wadudu, dawa ya kupe ya kuogeshea au kunyunyizia ng'ombe, sumu ya panya, mafuta ya taa na betri kuukuu. Kinachozidisha hatari ni desturi ya kumimina dawa katika chupa za soda au za maji, kwa kuwa mtoto mdogo huitambua chupa kwa umbo lake na hawezi kusoma onyo. Dawa zote zibaki katika chupa zake za asili, zifungiwe kwenye kabati lenye kufuli nje ya nyumba, na mfuko au chupa tupu ya kemikali isitumiwe kamwe kutengenezea kitu cha kuchezea, hata ikioshwa.

Hatari iliyofichika zaidi ni vidonge vya kuhifadhia mahindi. Vingi kati ya vidonge hivyo vina fosfidi ya alumini, kemikali ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini, yaani gesi inayoua wadudu wa nafaka na ambayo huua binadamu kwa njia ile ile, kwa kupumuliwa. Katika nyanda zenye unyevu kama za Litein gesi hiyo hutoka bila kungoja, nayo hupenya nyufa za mbao na mlango hadi chumba jirani. Kwa hiyo magunia yaliyowekewa vidonge hayafai kukaa katika nyumba wanamolala au kuchezea watu, na familia isiyo na ghala la nje inaweza kutumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima oksijeni na haihitaji kemikali yoyote.

Kuyahamisha mahindi kuna faida ya pili. Mahindi yanayohifadhiwa mahali penye unyevu, yakiwa na maji zaidi ya asilimia 13.5, huweza kuota kuvu itoayo sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2004 ilisababisha vifo 125 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Chumba kisichofaa kwa mapafu ya mtoto kwa sababu ya unyevu hakifai kwa chakula chake pia, na mzazi anayeona kwamba anayanyang'anya mahindi makao yake kwa ajili ya mchezo anapaswa kujua kwamba anaziokoa pande zote mbili.

Kuyafukuza maji

Unyevu ni adui mkubwa wa chumba cha chini ya nyumba, kwa sababu ukuta wake wa nyuma hugusana na udongo wa mlima ambao haukauki kamwe kikamilifu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, lilieleza kwamba watu wanaoishi katika majengo ya namna hiyo hupatwa zaidi na pumu, kikohozi na magonjwa mengine ya njia ya hewa. Kupaka rangi juu ya ukuta unaotoa maji ni kupoteza fedha, kwani rangi itabambuka kabla ya mwaka kwisha.

Ni muhimu kujua kwanza maji yanatoka wapi, na jaribio lake halina gharama. Kipande cha nailoni angavu, chenye upana wa kama nusu mita kila upande, hubandikwa sakafuni na kingine ukutani, kingo zake zikazibwa zote kwa utepe, kisha huachwa kwa siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanapenya kutoka ardhini. Yakitokea upande wa nje, unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani unaogeuka matone juu ya sehemu baridi, na tiba yake ni kuongeza hewa.

Maji yatokayo ardhini hutibiwa nje ya nyumba. Mtaro uchimbwe upande wa mlimani, uwe na mwinamo unaoyapeleka maji kando na kuzipita pembe za nyumba, na ujazwe kokoto ili usizibwe na udongo. Mifereji ya paa irekebishwe na maji yake yaelekezwe kwenye tangi, jambo linaloipa familia maji safi ya kufulia pia. Udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu ya ndani uondolewe au upunguzwe. Kuchimba na kuondoa udongo ni kazi za jembe na koleo zaidi kuliko za fedha, na vijana wawili wanaweza kuzimaliza kwa siku chache. Ukungu uliokwisha kuota ndani husuguliwa kwa maji na sabuni, mtu akiwa amejifunga kitambaa puani, na ukuta ukaachwa ukauke kabisa. Mahali ambapo maji yanaendelea kutiririka ndani hata baada ya mtaro kuchimbwa, chumba hicho kiachwe, na stoo ya juu itafutwe badala yake, kwa kuwa si kila chumba kinaweza kuokolewa kwa bei nafuu.

Mwanga, kuta na sakafu

Stoo hujengwa bila kufikiria mwanga, na mtoto hatakaa kwa hiari katika chumba chenye giza. Dirisha la upande wa bondeni, hata liwe dogo, lenye nyavu na pazia jepesi, huingiza hewa na mwanga pamoja. Katika stoo iliyo chini ya paa moja kwa moja, bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, likiwekwa badala ya bati la kawaida, hubadilisha chumba kizima. Stima ikiwepo, balbu ya kuokoa umeme iwekwe darini na soketi zilizo chini zifunikwe. Isipokuwepo, taa ya sola ni salama, ilhali koroboi na mshumaa havifai hata kidogo.

Kwa kuta, chokaa ndiyo rangi ya bei ya chini kuliko zote, nayo ina sifa mbili zaidi: hurudisha mwanga vizuri kwa weupe wake, na asili yake kali huzuia kwa kiasi kuvu isiote upesi. Ukali huo huo huchoma macho na ngozi, kwa hiyo watoto wasikaribie mpaka ikauke. Familia inayotaka rangi ya maji iichague tangu mwanzo, kwa sababu rangi ya maji ikipakwa juu ya chokaa inayotoa unga hung'oka nayo. Kwa chumba cha mita tatu kwa nne chenye kuta za kimo cha mita 2.4, eneo la kupaka, baada ya kutoa mlango na dirisha, ni kama mita za mraba 30; lita moja hufunika takriban mita za mraba 10, hivyo lita sita hutosha kwa mikono miwili. Mzazi anaponunua rangi ya mafuta kwa ajili ya mbao na rafu, aulize kama haina risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, linapendekeza yasizidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi yoyote. Rangi ya zamani inayobambuka isikwanguliwe ikiwa kavu, bali iloweshwe kwanza ili vumbi lake lisipeperuke.

Sakafu ya saruji katika kimo cha Litein ni baridi, na watoto hucheza wakiwa wamekaa au wamelala juu yake. Mkeka mmoja hautoshi. Ulazwe juu ya kitu chenye unene, kama vipande vya sponji ya godoro kuukuu vilivyoshonewa kitambaa kinachofulika, au jukwaa fupi la mbao lililoinuliwa sentimita chache ili hewa ipite chini yake. Nyumba ikiwa na baridi kali jioni, watoto wavishwe nguo nzito. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa hali yoyote, kwa kuwa makaa yanayoonekana kutulia hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua waliolala kabla hawajatambua kitu.

Vya kuchezea vilivyopo tayari

Mwaka 1907 daktari Mwitaliano Maria Montessori alipewa chumba katika jengo la makazi ya wafanyakazi huko San Lorenzo, Roma, ili awalee watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Alichokibadilisha kwanza kilikuwa ukubwa wa vitu: meza, viti na rafu zikawa za kimo cha mtoto, ili mtoto achukue kitu mwenyewe na kukirudisha mwenyewe. Kanuni hiyo haihitaji fedha nyingi. Rafu za mbao za saiprasi zenye kimo kisichozidi kifua cha mtoto wa miaka mitano, zilizofungwa ukutani kwa skrubu ili zisimwangukie anayezipanda, pamoja na makreti na maboksi yaliyochorwa picha ya kilichomo, humfanya mtoto awe mpangaji wa chumba chake na humpunguzia mama kazi ya kuokota.

Kati ya vya kuchezea vyote, vipande vya mbao vya kujengea ndivyo vilivyodumu zaidi. Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, aliviweka katikati ya mafundisho yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Caroline Pratt alivipa vipimo vinavyotumika hadi leo: unene mmoja, upana mara mbili ya unene, na urefu mara mbili ya upana, kwa mfano sentimita 3.5 kwa 7 kwa 14. Kwa vipimo hivyo vipande viwili vikilala bega kwa bega hulingana na kimoja kilicholazwa kukata urefu wao, na mtoto hukutana na nusu, maradufu na robo kwa vidole vyake kabla hajayajua majina yake. Seremala yeyote wa Litein ana mabaki ya mbao ambayo vinginevyo yangechomwa. Akipewa vipimo na kulipwa kazi ya msumeno na msasa, atatoa vipande 60 au zaidi, na vipande hivyo vitawafaa wajukuu.

Simon Nicholson, msanii Mwingereza, aliandika mwaka 1971 kwamba ubunifu wa mtoto hutegemea wingi wa vitu huru vinavyomzunguka, yaani vitu visivyopangiwa tangu kiwandani kazi moja tu, ambavyo vinaweza kusogezwa, kuunganishwa na kupewa maana mpya. Watoto wa Afrika Mashariki wameishi hivyo tangu zamani bila kukiita kitu hicho nadharia. Gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa ni mtoto anayebebwa mgongoni. Waya na vizibo ni lori la kubeba majani chai. Juala na kamba ni mpira. Vizibo vya soda ni askari, pesa au nambari za kujumlisha. Matawi ya chai yaliyopogolewa, yakikatwa na kulainishwa, ni nyumba, ua na ng'ombe. Leso mbili, sufuria iliyotoboka na mwiko hutosha kwa kalongolongo, mchezo ambamo mtoto hujaribu kuwa baba, mama, mwalimu au daktari, na ambamo mzazi anayesikiliza kwa mbali hujifunza jinsi yeye mwenyewe anavyosikika. Bao nalo lina historia ndefu katika ukanda huu: kwenye miamba ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna safu za mashimo ya mchezo huo zilizochongwa na watu wa kale, na ubao wake wa leo huweza kuchongwa kwa patasi au kuchimbwa tu katika kipande cha gogo.

Tahadhari ni moja: kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachoweza kupenya ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo. Vizibo, kete za bao na gololi zikae rafu ya juu mpaka wadogo walale.

Upande mmoja wa ukuta upakwe rangi nyeusi ya ubao, chaki iwekwe karibu, na vitabu vichache viwe mahali pa kufikiwa, vya Kiswahili, vya Kiingereza na, vikipatikana, vya Kikipsigis. Kiti kimoja cha mtu mzima kiwekwe humo. Bibi anayeketi nusu saa akisimulia ngano wakati mvua inapiga mabati huwapa watoto kitu ambacho duka halikiuzi.

Kalenda ya fedha

Mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka katika kituo cha kununulia majani, kisha hupata bonasi ya mwaka, baada ya hesabu za kiwanda zinazofungwa mwishoni mwa Juni kukamilika. Kazi ya chumba ifuate mtiririko huo. Kokoto za mtaro, mifereji ya paa na tangi, ambavyo ni ghali kuliko vingine, vingoje bonasi. Kutoa na kugawa vitu kufanyike katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, watoto wakiwepo kusaidia. Kupaka na kukausha kuta kufanyike Januari na Februari, miezi ambayo mvua hupungua kabla ya ile ya masika. Rafu na vipande vya mbao vilipwe polepole kutoka malipo ya kila mwezi. Fedha zikipungua njiani, kisimamishwe kinachofuata na si kilichotangulia, maana chumba kikavu chenye mwanga na mkeka mmoja ni chumba cha watoto tayari, ilhali chumba chenye vya kuchezea na ukungu sicho.

Palipo na chumba kimoja

Wako wazazi wengi katika eneo hili, hasa vibarua wanaoishi katika kambi za mashamba makubwa na wapangaji wa mjini Litein, ambao hawana stoo wala pembe ya kuachia. Kwao kanuni ya kutoa kabla ya kununua bado ina kazi: kuondoa kabati lisilotumika au kuinua kitanda ili maboksi yaingie chini yake huzaa mita mbili za mraba, na sanduku moja lenye vipande vya mbao, vizibo na leso huweza kufunguliwa alasiri na kufungwa jioni. Zaidi ya hapo, wazazi wanaweza kushirikiana. Kokwet, yaani ujirani ambao Wakipsigis wameutumia tangu zamani kusaidiana kazi na kuamua mambo yao, unaweza kuunganisha chumba cha ziada cha jirani mmoja, vifaa vya wengine na zamu za akina mama na akina baba wote. Na makanisa mengi yana chumba cha shule ya Jumapili ambacho hubaki kimefungwa siku sita kila wiki.

Mwaka wa kwanza vitu vitajaribu kurudi. Gunia moja litaletwa kwa usiku mmoja, kisha baiskeli, kisha mfuko wa mbolea unaongoja mvua, na chumba kitazibwa tena bila mtu yeyote kuamua kukiziba. Kwa sababu hiyo wazazi wanasihiwa wakubaliane tangu siku ya kwanza kwamba chumba hicho ni cha watoto kama vile kitanda kilivyo cha anayekilalia, na kwamba kitu kinachotafuta hifadhi kitafutiwe mahali pengine. Mahindi yanaweza kungoja nje katika ghala lililojengwa vizuri. Utoto haungoji.